Maduka ya zamani ya Uhindini, Dar: yavunjwe au yaachwe?

KibarazaChaKisutu: Wakuu salaam. Leo nimepita Mtaa wa India nikakuta mabati yamezungushiwa nyumba nyingine ya zamani, zile za ghorofa moja, duka chini watu wanaishi juu, roshani imetokeza barabarani na mwaka wa kujengwa umechongwa pale juu. Roho imeniuma kweli. Naomba tujadili kitu kimoja tu, iwepo sheria ya kuzilinda au mwenye kiwanja afanye anavyotaka? Mimi nasema zilindwe, na sio kwa uzuri wake. Nyumba moja ina fremu nne tano zinaangalia barabara, hapa fundi saa, hapa vitambaa, pale mtu kaweka birika la kahawa barazani. Ukisimamisha mnara chini wanaweka geti, mlinzi na parking, jua likizama mtaa umekufa. Na nyingi ni za miaka ya 1920 na 30, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haizigusi mpaka waziri azitangaze.

Mzigo_Kkoo: Hayo ni majumba ya Wahindi mkuu, acha yaende. Babu zetu walipangiwa Kariakoo, wazungu Uzunguni, Wahindi Uhindini, katikati ikaachwa Mnazi Mmoja wazi eti tusiwaambukize magonjwa. Leo nije nilie kwa ajili ya roshani?

BintiZanaki: "Majumba ya Wahindi." Kaka, mimi nimezaliwa Mtaa wa Zanaki, bibi yangu kazikwa Kisutu, sina kwingine pa kwenda. Waliopandisha zile kuta ni mafundi wa hapahapa Dar, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko. Na kama ni hesabu ya Wahindi basi anza na Sewa Haji, yule mfanyabiashara wa Kihindi, hela yake ndiyo iliyojenga hospitali ya watu weusi na Wahindi enzi za Mjerumani, jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la Muhimbili, na wewe ukiugua unalazwa pale. Halafu hizo nyumba tulishanyang'anywa zamani, kwa hiyo hata hiyo "ya Wahindi" yako haipo.

Mzigo_Kkoo: Hamkunyang'anywa, lilikuwa Azimio la Arusha 1967, kila mtu aliguswa.

MzeeWaUpanga: Vijana, 1967 yaliyotaifishwa ni mabenki na mashirika. Majumba ni Aprili 1971. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ilichukuliwa, na kama imepita miaka kumi tangu ijengwe fidia hakuna. Walioguswa wengi sana walikuwa Wahindi. Nyumba zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo nyingi kati ya hizo anazozililia huyu bwana ni mali ya umma. Mimi nimekuwa mpangaji kwenye moja tangu 1978, kodi ilikuwa ndogo mno na paa halikuguswa miaka na miaka, kila masika tunatega ndoo. Nyumba haikuchoka yenyewe, ilichokeshwa.

BintiZanaki: Shikamoo mzee. Asante kwa kuliweka sawa. Babu alikuwa na nyumba moja tu, duka chini, juu vyumba viwili alivyopangisha ili alipe deni la ujenzi. Wajomba zangu wawili wakaondoka kwenda Canada mwaka uleule na hawakurudi. Yeye akabaki hapo hapo dukani analipa kodi kwa nyumba aliyoijenga. Hakuwa bepari.

Fundi_Nondo: Poleni jamani, ila tuongee usalama. Hizo nyumba ni mbovu, zitaua watu.

KibarazaChaKisutu: Fundi, Machi 2013 hapo hapo mjini Mtaa wa Indira Gandhi jengo lililoanguka lilikuwa jipya, ghorofa zaidi ya kumi bado linajengwa, watu 36 wakafa. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Duka gani la 1930 limeua watu 36?

Fundi_Nondo: Na Beit al-Ajaib ya Zanzibar je? Mji Mkongwe uko UNESCO tangu 2000, kila mtu analinda, Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka. Kulinda kwa karatasi bila hela ya ukarabati ni kungoja maafa.

Mzigo_Kkoo: Mzee Upanga shikamoo, ila na nyie wapangaji wa tangu 1978 semeni ukweli wote. Mnalipa kodi ya kutupa halafu fremu mnampangisha mtu wa pili kwa kilemba cha mamilioni, yaani hela ya kuachiwa fremu nje ya kodi. Mimi nililipa kilemba mwaka juzi, miezi minane baadaye nikaambiwa jengo linavunjwa na hela hairudi kwa sababu hakuna risiti. Nilifunga biashara. Ndio maana sina machozi ya roshani.

MzeeWaUpanga: Marahaba. Sijawahi kuchukua kilemba cha mtu. Usinivishe kosa la aliyekudhulumu.

Mzigo_Kkoo: Sijakutaja wewe mzee, nimesema nyie.

DadaWaKanga: Kilemba kipo mpaka Kariakoo kwenye majengo mapya mbona, huko ndio balaa, unalipa mwaka mzima mbele na dalali juu. Mwenye nyumba ni Mswahili mwenzako.

Mzigo_Kkoo: Kariakoo angalau nyumba ilikuwa ya bibi, vyumba sita, korido na ua nyuma, wakabomoa vyumba viwili vya mbele wakapata fremu, baadaye wakauza kiwanja wakaenda Mbagala. Hakuna aliyeanzisha mjadala wa kuilinda hiyo.

KibarazaChaKisutu: Hapo umenigusa ndugu yangu, na ni kweli. Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo ilitakiwa iwe ya kwanza kwenye orodha yangu na sikuitaja. Lakini mbona hakuna aliyejibu kuhusu fremu za chini? Hata mnara unaweza kulazimishwa uwe na milango midogo barabarani.

DadaWaKanga: Itakuwepo tu, kwa kilemba cha milioni ngapi?

BintiZanaki: Kibaraza, hiyo nyumba yenye mabati iko upande gani, kabla ya msikiti au baada? Mama anauliza.