Nyumba ya ukoo Lamu: ijueni historia yake kabla ya kuzungumza bei

Assalaam alaykum,

Ndugu aliyeuliza jinsi ya kuuza nyumba ya marehemu babu yake Lamu akiwa huku ughaibuni, naona ameanzia mwisho. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, historia ndiyo inayoamua ni nani wanaopaswa kutia sahihi.

Nyingi zilijengwa karne ya 18 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ambazo ufupi wake ndio ulioyafanya majumba yale kuwa na vyumba virefu vyembamba. Hata hivyo, ni nadra jengo kuwa kazi ya kizazi kimoja. Ilikuwa desturi baba kumjengea binti yake anayeolewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na nafasi ilipokosekana, chumba kilivushwa juu ya kichochoro kwa wikio, yaani daraja, hadi ukuta wa upande wa pili. Ndiyo maana huenda juu kukawa kwa kizazi cha shangazi na chini kwa ndugu zake wa kiume, ilhali hati inamtaja babu peke yake. Mwambie jamaa aliyeko huko akupigie picha ya ngazi: ikiwa inapandia dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, bila kupita ndani, yaelekea juu paliishi familia ya pili. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi wa mahakamani, lakini itakuonyesha wazee wa kuwauliza.

Kisha fanyeni upekuzi wa hati, kwani umiliki mwingi wa Pwani ulisajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908. Ulizeni pia Tume ya Wakf, maana nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, hata warithi wote wakikubaliana. Ikiwa nyumba si ya wakfu, mirathi ifunguliwe kwanza. Mahakama ya Kadhi husikiliza shauri hilo iwapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia.

Wale miongoni mwetu waliopoteza uraia wa Kenya kabla ya Katiba ya 2010 waombe kurudishiwa mapema, kwa kuwa asiye raia hamiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, hata kama amezaliwa katika nyumba hiyo hiyo.