Nimelipa gari langu lioshwe, limerudi limekwaruzwa boneti nzima: huku kufuta vumbi kavu kwa tambara kukome

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo siku tatu hazijaipunguza, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe wengi hulichukulia kuwa dogo mpaka siku wanapoliona gari lao juani. Jumamosi iliyopita nilipeleka gari langu katika sehemu moja ya kuoshea magari hapa Dodoma, ambayo sitaitaja jina. Ni gari dogo jeusi, lilitumika Japani kabla ya kunifikia, na nililinunua kwa akiba ya miaka minne. Lilikuwa na vumbi la wiki nzima, na juu ya vumbi hilo kulikuwa na chavua na vijiua vya mwembe ambao chini yake huwa ninaliegesha kazini. Nilimwambia kijana aliyenipokea, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba asiliguse kwa kitu chochote kabla hajalimwagia maji ya kutosha kuanzia paani mpaka chini. Akanijibu, "Sawa mama, ondoa shaka."

Nilivuka barabara kwenda kunywa chai. Niliporudi baada ya robo saa, nilimkuta kijana mwingine ameshika kipande cha fulana kuukuu, kikavu kabisa, anafuta boneti kwa kuzungusha mkono huku uzito wa kiganja chake ukiwa juu ya kitambaa. Mpira wa maji ulikuwa umelala chini, haujafunguliwa. Alipomaliza boneti alikikung'uta kitambaa mara moja hewani, akahamia paani. Nilipompigia kelele aache, alinieleza kwa upole, naye akiamini anachokisema, kwamba vumbi hutolewa kwanza likiwa kavu ili maji yasije yakaligeuza tope.

Naomba nikae kwenye maelezo hayo, kwa sababu nimeyasikia pia kwa wenye magari, kwa walinzi wa maegesho na hata kwa ndugu zangu mwenyewe, nayo ni kinyume kabisa cha ukweli. Vumbi la mji huu si unga wa ngano. Vilima vinavyotuzunguka ni vya miamba ya matale (graniti), na miamba hiyo inapomomonyoka kwa jua na mvua hubaki mchanga na vumbi lenye chembe nyingi za kwatzi, madini magumu sana. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa kilicho laini mpaka 10 kwa almasi, kwatzi ina ugumu wa 7, wakati kioo cha dirisha na ubapa wa kisu cha kawaida hukaribia 5.5. Chembe inayoweza kukwaruza kioo ndiyo inayokandamizwa kwa kiganja na kuburutwa juu ya rangi ya gari, na tena kwa mizunguko, ili kila chembe ipite mahali pale pale mara tano au sita.

Na hiyo rangi inayoburutiwa ni nini? Magari mengi tunayoendesha yana praima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la juu linalong'aa ambalo halina rangi, lile ambalo mafundi huliita klia. Klia hiyo kwa kawaida ina unene wa kati ya maikroni 30 na 50, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho mara nyingi ni chembamba kuliko unywele. Ndicho kinachoikinga rangi dhidi ya jua, na hakioti tena kikishaliwa. Mikwaruzo ya kitambaa kikavu hukaa kwenye klia, kila mmoja ukiwa mdogo kiasi cha kutoonekana peke yake, lakini ikifika maelfu hutawanya mwanga badala ya kuurudisha kama kioo, na ndiyo maana gari jeusi likisimama juani huonyesha kitu kama utando wa buibui kuizunguka taswira ya jua popote unapoitazamia. Gari jeupe nalo huumia vivyo hivyo, isipokuwa jeraha lake halionekani haraka, na mwenyewe hubaki akishangaa kwa nini gari lake limefifia kabla ya wakati.

Suala la chavua limenikera zaidi, kwa sababu hapo ndipo kitambaa kikavu kinapofanya kazi mbaya kuliko zote. Mwembe unapochanua katika miezi hii ya kiangazi, haudondoshi chavua na vijiua peke yake; wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa maua hayo hutoa majimaji matamu yanayonata, na majimaji hayo hudondokea gari lililo chini. Vumbi linalopita na upepo hunasa humo humo. Kwa hiyo kilichokuwa juu ya boneti yangu hakikuwa vumbi linaloweza kupeperushwa, bali mchanga uliogandishwa kwa gundi, na yule kijana alilazimika kukandamiza zaidi ili utoke. Wale wanaolima mahindi kuzunguka nyumba wanaijua namna nyingine ya tatizo hili: mwezi wa pili, mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, zinapoanza kumwaga chavua, gari lililolala kando ya shamba huamka limefunikwa na unga wa njano, umande ukaulowesha, jua likaukausha, na kufikia saa nne asubuhi umeshika. Unga huo nao unahitaji maji na muda wa kulainika. Nguvu za mkono hazihitajiki hata kidogo.

Nilipokuwa ninamweleza kijana hayo, mwenzake alikuwa tayari ameleta ndoo. Ilikuwa ndoo moja, yenye sabuni ya unga ya kufulia, na ndani yake mlikuwa na sponji ile ile niliyoiona dakika chache kabla ikisugua rimu za gari la jirani yangu. Chini ya ndoo mchanga ulikuwa unaonekana kwa macho. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari huondoa nta iliyopakwa kulinda klia, kwa hiyo siku ile gari langu lilikwaruzwa, kisha likavuliwa hata kinga yake. Nililichukua likiwa halijamaliziwa, nikalipa shilingi 10,000 kwa sababu walikataa kunipa ufunguo kabla sijalipa, nikaenda kuliegesha juani kwenye uwanja mtupu. Boneti, paa na mlango wa mbele wa kushoto vyote vimejaa mizunguko. Ipo mikwaruzo mitatu mirefu kwenye boneti ambayo nikipitisha ukucha unakwama.

Nilirudi kwa msimamizi nikiwa na picha nilizopiga asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kuosha, ambazo zinaonyesha boneti haina hata mkwaruzo mmoja wa namna hiyo. Hakuzitazama kwa zaidi ya sekunde mbili. Aliniambia, "Mama, gari jeusi ndivyo lilivyo, hiyo mikwaruzo ilikuwepo ila vumbi ndilo lililoificha." Nilipoendelea, alininyooshea kidole kwenye ukuta ulioandikwa kwamba hawahusiki na uharibifu wowote. Kisha akanishauri nimwite mume wangu ili wazungumze naye, kwa kuwa yeye ataelewa. Sina la kusema juu ya kauli hiyo zaidi ya kwamba gari ni langu, kadi ina jina langu, na ninaijua rangi yake kuliko yeye. Mwisho alijitolea kunipakia "polishi" bure. Niliinusa chupa na kuishika kwa vidole: ni mafuta ya silikoni ya kung'arishia dashibodi, ambayo yangejaza mikwaruzo na kuificha kwa siku chache, kisha yangeanza kunasa vumbi jipya.

Fundi rangi niliyempelekea Jumatatu ananiomba shilingi 250,000 kulipiga polishi ya mashine, naye amekuwa mkweli kwangu: polishi haijazi mkwaruzo, inaipunguza klia mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, na kila inapopigwa klia inabaki nyembamba zaidi. Ile mitatu mirefu hatathubutu kuifuata mpaka mwisho wake, kwa sababu anaweza kuitoboa klia. Itabaki hapo mpaka siku nitakapopiga boneti rangi upya. Nimelipa 10,000 ili nidaiwe 250,000 na bado nibaki na kovu.

Najua mtu atanijibu kwamba Dodoma hatuna maji ya kumwaga ovyo, kwa hiyo vijana hufuta vumbi kwanza ili kubana matumizi. Jibu hilo ninaliheshimu, maana nami ninaishi kwa mgawo, na sote tunajua kwamba mji huu uliotegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi umejaa watu kuliko maji. Lakini ubanaji wa maji haudai kitambaa kikavu. Mimi nyumbani, mgawo ukiwa mbaya, hutumia bomba la mkono la kunyunyizia la lita tano, lile linalouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ambalo halijawahi kutiwa dawa yoyote. Hulijaza maji na shampuu kidogo ya gari, nikanyunyiza gari zima kuanzia paani, nikaacha dakika tatu au nne gari likiwa kivulini ili povu lisikauke, kisha nikanyunyizia maji safi na kuliacha vumbi liteleze lenyewe. Sehemu kubwa ya mchanga inakuwa imeondoka kabla mkono haujagusa kitu. Hapo ndipo huchukua glovu ya maikrofaiba, kitambaa laini cha nyuzi nyembamba sana, na ndoo mbili ndogo, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glovu, nikapitisha glovu kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, nikaanza na paa na kumalizia sehemu za chini za milango ambako ndiko kuna mchanga mwingi, na glovu hiyo haigusi rimu kamwe. Kinachoonekana chini ya ndoo ya kusuuzia mwishoni ndicho ambacho wao hukirudisha kwenye rangi za magari yetu. Kisha nakausha mapema kwa taulo nene la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta taratibu, kwa sababu maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na yakikaukia kwenye rangi huacha madoa meupe. Kazi hiyo yote hainimalizii lita 25. Pale Jumamosi, mpira wa presha ulipofunguliwa hatimaye kwa gari la nyuma yangu, ulimwaga maji kwa dakika nzima kwenye mazulia peke yake.

Siwalaumu wale vijana kwa kiwango kimoja na mwajiri wao. Wanalipwa kwa idadi ya magari, hawajafundishwa, na wamepewa fulana kuukuu na sponji moja. Glovu ya maikrofaiba niliyo nayo niliinunua kwa shilingi 8,000, chini ya bei ya kuosha gari moja pale. Mwenye biashara anayenunua mashine ya presha na kujenga paa la bati, kisha akashindwa kununua glovu nne na ndoo ya pili, ameamua mwenyewe kwamba rangi za wateja wake hazina thamani, na maandishi ya ukutani ni ushahidi kwamba anajua kinachotokea.

Ninawaomba pia wale wenye walinzi wema wanaokung'uta magari asubuhi kwa brashi ya manyoya au kwa tambara bila kuombwa, wawazuie kwa heshima. Mlinzi wa kazini kwetu, mzee ninayempenda sana, alikuwa akinifanyia hivyo kila siku kwa moyo mkunjufu mpaka nilipomwonyesha mkwaruzo juani, akasikitika kweli. Sasa huniachia vumbi langu lilivyo, na siku ambazo sina maji ninaendesha gari likiwa chafu. Vumbi lililotulia juu ya rangi halikwaruzi kitu. Linakwaruza pale tu linaposukumwa.

Nimewaandikia barua wahusika leo asubuhi, nikaambatanisha picha za kabla na baada pamoja na makadirio ya fundi, na nimewapa siku saba wanilipe shilingi 250,000. Nitarudi hapa kueleza watakachojibu. Wakati huo huo, kwa wakazi wa Dodoma: kama yupo anayeijua sehemu ambayo wanaanza na maji, wana ndoo zaidi ya moja, na hawakatai mteja asimame kando ya gari lake mpaka mwisho, ninaomba aniandikie iko mtaa gani.