Acheni kuwadanganya watu kuhusu Iceland: Reynisfjara si Nungwi!

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira na siombi radhi. Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia zinaanza zile video za "Iceland kwa siku tatu, bajeti ndogo, unaona kila kitu". Msemaji kasimama kwenye mchanga mweusi, kaipa bahari mgongo, kakunjua mikono, povu linamlamba visigino. Chini yake watu kibao wanauliza bei ya tiketi. Hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba hapo aliposimama pameua.

Ufukwe huo ni Reynisfjara, jirani na kijiji cha Vík, kusini mwa nchi, kama kilomita 180 na kitu kutoka mji mkuu, Reykjavík. Agosti 2025 bahari ilimchukua mtoto wa miaka 9. Kabla yake kulikuwa na vifo 2007, 2016, 2017, 2021 na 2022. Wote walikuwa wageni waliokuja kutazama, kama ninyi mnavyotaka kwenda.

Kinachoniudhi zaidi ni ule usemi wa "sisi watu wa pwani, bahari tunaijua". Unaijua bahari ya kwenu. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Kwetu sehemu kubwa ya pwani ina mwamba mbele yake: wimbi linavunjikia huko nje, na linalokufikia ufukweni limeshachoka. Ukihesabu mwezi unaijua bamvua, unajua maji yatajaa saa ngapi, unapanga shughuli zako. Reynisfjara hapana mwamba wa kulivunja wimbi. Sakafu ya bahari inaporomoka hatua chache tu kutoka ukingoni, na wimbi limetoka mbali sana kwenye Atlantiki bila kukutana na kitu, likafika na nguvu zake zote. Yanakuja madogo dakika kumi nzima, yanaishia palepale, nawe unajiona umeshapima. Kisha mawili yanapandana, linakuja moja linalopanda ufukweni mita nyingi kupita wenzake. Jedwali la kujaa na kupwa halikwambii litakuja lini. Linalokwambia ni kwamba maji yakijaa, nafasi yako ya kukimbilia imepungua.

Na kinachomaliza mtu si kule kupigwa, ni maji yanaporudi. Kokoto zinateleza chini ya miguu, unakaa. Koti na mabuti vinajaa maji na mchanga, uzito unakuwa si wako tena. Maji yenyewe ni ya baridi ya nyuzi chache tu juu ya barafu kwa miezi mingi ya mwaka. Ukitumbukia, pumzi inakatika kabla hujaukumbuka uogeleaji wako wa Bagamoyo. Ndugu akichukuliwa, usimfuate. Piga 112, usimwondolee macho pale alipo. Kumfuata ni kuwapa waokoaji watu wawili wa kutafuta.

Sasa kanuni, maana zipo na hazina gharama. Njiani kutoka maegesho kuna ubao wenye taa na ramani ya maeneo ya hatari. Taa ikiwa nyekundu haushuki ufukweni, unatazamia juu, basi. Taa ikiruhusu, simama kwanza pale mchanga ulipo mkavu utazame bahari dakika kadhaa kabla ya kusogea. Mchanga uliolowa maana yake wimbi lilishafika hapo leo; usiusogelee. Uso baharini muda wote. Mtoto ashikwe mkono, siyo "asiende mbali". Ile picha ya mgongo haipo kwenye orodha.

Pango la Hálsanefshellir nalo, lile lenye nguzo za mawe zilizopangana kama vinanda, ni mtego wa aina mbili. Wimbi kubwa likija ukiwa ndani au kwenye ukuta huna pa kutokea. Na mawe yanadondoka kutoka juu: Agosti 2019 sehemu ya mlima iliporomoka upande wa mashariki wa ufukwe huohuo. Mtu anapanda zile nguzo apigwe picha, na mwenzake anampigia makofi!

Turudi kwenye "siku tatu". Ramani ya Iceland inadanganya macho. Barabara kuu ya kuzunguka nchi ina zaidi ya kilomita 1,300. Kutoka Reykjavík mpaka ziwa la barafu la Jökulsárlón ni kama kilomita 370, saa tano za kuendesha bila kusimama, na njiani kuna maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, genge la Dyrhólaey na Vík, ambako hakuna asiyesimama. Halafu mnamuuzia mtu safari ya kwenda na kurudi siku moja! Mwezi wa Juni anaweza, kwa sababu usiku wenyewe hauingii giza, ila atakuwa anasinzia kwenye usukani. Desemba jua linachomoza karibu saa tano na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Hapo ni mwanga wa saa nne. Kilomita 740 kwenye barabara yenye barafu kwa saa nne za mwanga: nani aliipiga hesabu hiyo?

Kwa siku tatu chukua pwani ya kusini peke yake: usiku mmoja karibu na Vík, mmoja upande wa kijiji cha Kirkjubæjarklaustur au mji wa Höfn, siku ya tatu unarudi. Au kaa Reykjavík uende hifadhi ya Þingvellir, maporomoko ya Gullfoss na chemchemi ya maji moto ya Strokkur, inayorusha maji kila baada ya dakika tano hadi kumi, kisha siku nyingine rasi ya Snæfellsnes. Vyote pamoja haviingii.

Jökulsárlón kwenyewe: vipande vya barafu vinakatika kwenye mto wa barafu (barafu nene inayoteremka taratibu kutoka mlimani), vinaelea ziwani, vinatoka kwa mto mfupi hadi baharini, kisha bahari inavirudisha juu ya mchanga mweusi ng'ambo ya barabara. Vinavutia kweli. Lakini kipande kilichotulia mchangani kinanyanyuliwa na wimbi moja, na aliyekikalia anaondoka nacho. Limeshatokea. Kilicho ziwani kinapinduka bila kuaga kwa sababu sehemu yake kubwa iko chini ya maji. Gusa kilicho mbali na maji, usipande chochote.

Lile ganda la eropleni kwenye mchanga wa Sólheimasandur, lililokaa hapo tangu 1973, mnasema ni "matembezi mafupi". Ni karibu kilomita 4 kwenda na nyingine kurudi, tambarare tupu isiyo na hata kichaka cha kujikinga na upepo. Januari 2020 wageni wawili walikutwa wamekufa eneo hilo. Hali ya hewa mbaya, achana nalo.

Jambo jingine ni kuvumwani (moss), ule mmea laini wa kijani juu ya mawe. Ukikanyagwa unachukua miongo kurudi. Korongo la Fjaðrárgljúfur lilifungwa 2019 kwa sababu ya nyayo za watu. Kamba ikifungwa, imefungwa.

Mchangiaji wa 2

Mkuu umegusa bahari, mimi niongeze gari, maana huko ndiko pesa inakoteketea.

Kwanza wanashika kulia. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda, hatari kubwa ni kugeuka kutoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu: hakuna gari la kukukumbusha. Mizunguko (vipilefti) ya njia mbili ina kanuni yao: aliye njia ya ndani ana haki ya kutoka kabla ya aliye nje. Daraja lenye kibao "Einbreið brú" linapita gari moja. Aliyelikaribia kwanza anapita, mwingine anasubiri. "Malbik endar" maana yake lami inaishia hapo. Punguza mwendo kabla ya changarawe, si juu yake, magari yanapindukia hapohapo. Mwisho wa mwendo kwa saa: lami kilomita 90, changarawe 80, mjini 50, taa zimewashwa mchana na usiku.

Upepo sasa. Egesha gari likitazama upepo unakotoka, na mlango ufungue kwa mikono miwili, mlango mmoja kwa wakati. Ukifungua kizembe unapinda mpaka bawaba, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliong'olewa na upepo. Mchanga unaoruka kwenye tambarare za Mýrdalssandur na Skeiðarársandur unachuna rangi na kutia ukungu vioo, na bima ya hilo inauzwa kando. Soma mkataba. Barabara zinazoanza na herufi F ni za gari la magurudumu manne yanayovuta, kwa kawaida zinafunguliwa kuelekea mwisho wa Juni au baadaye, na injini ikinywa maji mtoni hasara ni yako. Kutoka nje ya barabara kukanyaga mchanga au kuvumwani ni kosa la sheria, faini si ya kuchezea.

Maegesho: sehemu nyingi kamera inasoma namba ya gari. Usipolipa, deni linakwenda kwa mwenye gari, naye anaongeza ada yake juu kabla ya kukukata kwenye kadi.

Mchangiaji wa 3

Sasa mbona mnatisha watu? Maelfu wanaenda na kurudi salama. Si mseme tu msiende.

Mwanzisha uzi

Hakuna aliyesema wasiende. Wanaorudi salama ni wale waliosoma vibao. Nenda Dyrhólaey, mwambani juu, uyaone mawimbi hayohayo ya Reynisfjara bila kukugusa. Msimu wa ndege kutaga, Mei na Juni, kuna sehemu zinafungwa au zina saa maalumu, hakiki kwanza. Nenda Látrabjarg magharibi kabisa, genge la mita 441 lenye ndege wengi. Ukingo wake umetobolewa na viota, kwa hiyo hausimamiwi, unalala kifudifudi ndipo unachungulia. Panda vipandio vya Skógafoss, ni zaidi ya 500. Seljalandsfoss pita nyuma ya maji, ila uvae koti la mvua na suruali yake, jinzi ikilowa haikauki. Mwavuli uache nyumbani.

Kabla ya kuwasha gari asubuhi fungua vedur.is kwa hali ya hewa, umferdin.is kwa barabara, safetravel.is kwa tahadhari. Barabara ikiandikwa imefungwa, usilizunguke geti.

Na anayemjua mwenye ile video ya mgongo amtumie uzi huu. Aifute, au aandike chini yake taa ilikuwa rangi gani siku hiyo.