Fundi kafuta mahesabu ya kikoba ya mama, kompyuta bado inajizima, na diski kagoma kuirudisha

Wakuu, nilinyamaza nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naleta jambo lote hapa kama lilivyo.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro, na ndiye mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Nyumbani ana kompyuta ya mezani, zile za mtumba kutoka Ulaya, yenye diski ya GB 500. Vitabu vya hisa kila mwanachama anacho chake, lakini mikopo, riba, marejesho, faini na mfuko wa jamii vyote vilikuwa kwenye Excel, ndani ya kompyuta hiyo. Picha za familia nazo humo humo.

Ikaanza kusumbua. Unaiwasha, feni inazunguka, nembo inatokea, vile vidoti vya Windows vinaanza kuzunguka, halafu pap! inazima na kujiwasha yenyewe upya. Siku nyingine inafika hadi ndani kabisa, inakaa kidogo, inarudia yale yale. Mimi niko Mwanza kikazi. Mama akaipakia CPU kwenye bajaji akaipeleka kwa fundi mjini.

Fundi kaiwasha, kaitazama, katoa hukumu: "Windows imekufa hii mama, inapigwa upya." Hakuuliza ndani kuna nini. Hakuuliza umeme wa nyumbani ukoje. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, humo kuna kazi za watu, angalia zisipotee." Akaambiwa asiwe na wasiwasi. Akalipa 25,000. Kuifungua nyumbani, hakuna faili hata moja. Na haikuchukua muda ikajizima vilevile!

Akairudisha. Safari hii ikawa "diski ndiyo mbovu". Akauziwa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka ndani) ya GB 256 kwa 85,000, ikapigwa Windows nyingine, diski ya zamani ikabaki dukani. Kompyuta ikaendelea kujizima.

Niliposafiri kwenda nyumbani nilianza na jambo ambalo halina gharama. Niliiwasha nikaingia kwenye BIOS (ile skrini ya mipangilio ya mashine yenyewe), nikaiacha hapo hapo bila kugusa kitu. Ikazima. Wakuu, mnaojua kompyuta mnaelewa maana yake. Ukiwa kwenye BIOS, Windows haijaanza kabisa. Mashine ikikata hapo, Windows haihusiki, uipige hata mara mia. Nikachomoa waya za diski, nikaiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows. Ikazima tena. Basi na diski nayo haihusiki. Vipimo viwili ambavyo fundi yeyote anavimaliza huku anakunywa chai, na huyu hakufanya hata kimoja.

Nikachukua mita. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inatakiwa itoe volti 12 kwenye waya wa njano na volti 5 kwenye mwekundu, na inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu. Maana yake kwenye njano isiende chini ya 11.4. Ya mama ilikuwa inaanza vizuri, kisha prosesa ikianza kufanya kazi nzito inaporomoka hadi chini ya 11, na mashine inakata. Nikamulika tochi kwenye matundu ya nyuma: kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zimevimba vichwa, nyingine imevuja. (Msifungue pawa saplai kama hamna uzoefu, inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa ukutani.) Nikanunua nyingine ya mtumba kwa 30,000. Nikaifunga. Kompyuta inawaka mpaka leo.

Kwa hiyo mama alilipa 110,000 kwa ugonjwa ambao haukuwepo, na ule uliokuwepo haukuguswa.

Pesa naweza kuisahau. Kinachoniuma ni yale mafaili, kwa sababu hata kama kweli ingekuwa Windows imeharibika, kufuta ni hatua ya mwisho kabisa. Windows 10 ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo inaleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pale kuna kurekebisha uwashaji, kuna kurudisha mfumo nyuma, kuna sefu modi (kuwasha na vitu vya lazima tu), kuna sehemu ya kuandika chkdsk, amri ya kukagua diski, na hata ukiamua kuweka upya kuna chaguo la kubakiza mafaili ya mwenyewe. Na kabla ya hayo yote unachomoa diski, unaiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, unakopi kila kitu pembeni. Ni kazi ya subira tu. Nani aliwafundisha hawa vijana kwamba tiba ya kila kompyuta ni kupiga Windows? Gari limezima kwa kukosa mafuta, wewe unabadilisha usukani na unadai hela!

Sasa sikilizeni hapa. Ile diski ya zamani haikuwa mbovu, na ilikuwa ya sahani, siyo SSD. Ukifomati diski ya namna hiyo kwa haraka, kinachofutwa ni orodha ya mafaili. Data yenyewe inabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows mpya ilikula sehemu, sikatai, lakini kwenye GB 500 kuna nafasi kubwa sana ambayo haikuguswa. Programu kama TestDisk na PhotoRec ni za bure na zimeokoa data za watu wengi. Ndiyo maana nilimfuata nikamwomba kwa heshima: kaka, nirudishie diski ya mama, hela baki nayo. Kwanza akasema walishaitupa. Nilipobana akasema iliuzwa kama spea. Imeuzwa! Mali ya mama yangu, yenye majina, namba za simu na madeni ya wanawake wa mtaa mzima, imeuzwa kwa mtu nisiyemjua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Tume yake ipo na inafanya kazi, halafu fundi anauza diski ya mteja kaunta.

Mama hivi sasa anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anamuuliza kila mwanachama anakumbuka alikopa kiasi gani. Wapo wanaosema ukweli. Wapo ambao madeni yao yamepungua ghafla. Na wapo walioanza kunong'ona kwamba mweka hazina amekula hela kisha akasingizia kompyuta. Mtu aliyefundisha watoto wao hesabu!

Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii kwenye Tume au baraza la kata aniambie alianzia wapi na alitakiwa kubeba nini. Risiti zote mbili ninazo.

Na kama uko Morogoro na karibuni umenunua diski ya mtumba ya GB 500 kutoka kwa fundi, nakuomba usiifomati na usiandike kitu juu yake. Njoo PM kwanza. Nakupa mpya yenye ukubwa huo huo, na nauli juu.