Ushauri wakuu: andiko langu la masta kuhusu Kant limerudishwa mara ya pili

Mwalimu wa Tukuyu:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia sekondari huku Tukuyu, na nasoma uzamili wa falsafa. Andiko langu linaitwa "Maadili na metafizikia Ulaya, kutoka Descartes hadi Kant", yaani kutoka mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17 hadi Mjerumani wa karne ya 18; metafizikia ni maswali ya misingi ya vilivyopo, kama nafsi na uhuru. Msimamizi kalirudisha tena. Safari hii kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Miaka 150?" Basi, hakuna kingine.

Nimebakiwa na mwaka mmoja. Kijerumani sijui, na Kilatini nilichotoka nacho seminari ni cha kusalia tu. Mjomba keshasema bora ningesomea ugavi. Nipunguze wapi?

Parachichi Moja:
Mjomba ana hoja, mkuu. Kant msome ukistaafu.

Dada wa Kihesa:
Kamwene kaka. Kalamu nyekundu hiyo imekuokoa, usinune. Acha orodha ya majina, tafuta mahali mtu mmoja alipokwama.

Kant kakwama vizuri sana. Mwaka 1781, katika kitabu chake kikubwa juu ya akili, anasema uhuru wa utashi hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Mwaka 1785, sehemu ya tatu ya Misingi ya Metafizikia ya Maadili, anajaribu kuanzia kwenye uhuru ili aifikie sheria ya maadili. Fungua ukurasa wa 450 uone: anakiri mwenyewe kwamba huenda hoja yake inazunguka. Tunajiona huru kwa sababu tuna sheria, na tuna sheria kwa sababu tuko huru! Ikifika 1788, katika kitabu kingine, kaigeuza hoja: sheria tunaikuta tayari akilini, na kwa kupitia hiyo ndipo tunajua kwamba tuko huru.

Kwa nini aligeuza? Au hakugeuza? Hapo una metafizikia na maadili kwenye chungu kimoja, ndani ya miaka saba.

Mwalimu wa Tukuyu:
Asante dada. Ila si wameshaliandika wengi hilo?

Dada wa Kihesa:
Wengi mno, na hawajaelewana. Wapo wanaosema kaitupa hoja ya kwanza, wapo wanaosema ni ileile kavalisha koti jipya. Wewe chagua upande, uutetee kwa maandishi yake. Masta haikudai ugundue bara.

Mzee wa Makambako:
Mimi ningekwenda kwa Anton Wilhelm Amo. Kazaliwa maeneo ya Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ujerumani mtoto, na mwaka 1734 akatetea tasnifu Wittenberg kwamba kuhisi ni kazi ya mwili, nafsi haihisi. Humo anambana Descartes waziwazi. Baadaye kafundisha Halle na Jena. Tasnifu yenyewe ni fupi, na hicho Kilatini chako cha kusalia kitakusogeza.

Dada wa Kihesa:
Shikamoo mzee. Amo ni mzuri, lakini kwake swali ni la nafsi na mwili, maadili atayatafuta kwa tochi.

Mzee wa Makambako:
Marahaba. Hilo nakubali.

Dada wa Kihesa:
Na kaka, jambo moja dogo linalowaangusha wengi: usinukuu kurasa za tafsiri uliyonayo. Tumia namba za toleo la Akademia, lile la Kijerumani la kazi zake zote ambalo wataalamu hulinukuu, zinachapwa pembeni. Misingi iko juzuu ya 4, kitabu cha 1788 juzuu ya 5. Kile cha 1781 kinanukuliwa kwa A, na toleo la 1787 kwa B. Kijerumani utahitaji maneno ishirini hivi, si lugha nzima. Anza na *Wille* (utashi unaojitungia sheria) na *Willkür* (utashi unaochagua): ukiyaita yote "utashi", sura nzima itakuvurugikia.

Mwalimu wa Tukuyu:
Kumbe ndizo zile namba za pembeni! Nilidhani ni za mchapaji. Nimehesabu, sehemu ya tatu ni 446 hadi 463, kurasa kumi na nane. Umeme umekatika na mvua ya huku mnaijua, ila tochi ya simu ina chaji. Hiyo *Willkür* niiite "hiari"?

Dada wa Kihesa:
Iite hiari, halafu uone kama inakubali kila mahali.