Coccinelle inayumba na kula tairi za mbele: paralelisme imefanywa mara tatu, naomba ushauri

Kijana_wa_Himbi
Jambo wakubwa. Niko hapa Goma, nina Coccinelle, ile Volkswagen ya mviringo; karte roze, yaani karatasi ya usajili, inaandika aina ya 1303 ya mwaka 1973. Ikifika kilomita 60 kwa saa usukani hautulii. Gari linavuta kushoto, nikilirudisha linakwenda kuume. Tairi za mbele zinalika upande wa ndani, zote mbili, na zina miezi mitatu tu. Nimefanyisha paralelisme, yaani kupanga magurudumu ya mbele yaelekee njia moja, mara tatu; mashine inatoa sifuri, yaani yako sambamba, fundi anasema yeye amemaliza, kosa ni la tairi. Jumamosi nampeleka mama Sake na moyo hautulii. Ninunue tairi za aina gani?

Upepo_Sawa
Kabla ya kununua, pima upepo. Tairi za radial za 155 kwenye Coccinelle zinataka 1.3 bar mbele na 1.9 nyuma. Wajaza upepo wengi wanatia 2.2 pande zote kama kwenye Toyota. Injini ya gari hili iko nyuma, pua ni nyepesi. Tairi ya mbele ikiwa ngumu inarukaruka juu ya mawe na haishiki njia. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Maman_Spana
Mwanangu, sifuri ndiyo inayokula tairi zako. Sifuri inafaa magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Coccinelle inasukumwa kutoka nyuma, kwa hiyo ikitembea magurudumu ya mbele yanajifungua kidogo. Ndiyo maana kiwanda kinataka yafunge ndani yakiwa yamesimama, mbele yake yakaribiane kuliko nyuma yake: dakika 30 za digrii kwa jumla (nusu digrii), yaani milimita 2 hadi 4 ukipima kwenye rimu. Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, halafu kutoka nje kwenda ndani. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine ukikukwaruza kama msumeno, kosa ni mfungo huo. Ukiwa laini pande zote huku ndani kumeisha, ni mwinamo wa gurudumu, na huo unarekebishwa kwenye rotile ya juu, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu.

Boksi_la_Usukani
Mnasahau mchezo wa usukani, yaani ulegevu wake. Mtu akae ndani autikise, wewe lala chini uangalie. Mkono wa boksi la usukani ukichelewa kufuata, boksi limelika. Likazwe usukani ukiwa katikati kabisa, maana ukilikaza umekata kona, likirudi katikati litabana na usukani hautarudi wenyewe. Kagua pia beringi za mbele: mchezo wake ni milimita 0.03 hadi 0.12. Kupima mfungo juu ya beringi iliyolegea ni kupoteza pesa.

Maman_Spana
Kweli. Ila swali langu halijajibiwa bado, na sikuliuliza: nini kimebadilishwa chini ya gari hilo?

Kijana_wa_Himbi
Hakuna kitu kikubwa, maman. Amortisa (shokomzoba) mpya nyuma, basi.

Maman_Spana
Na urefu? Simama pembeni ya gari uliangalie. Limelala sawa au limeinamisha pua?

Kijana_wa_Himbi
Limeinama kidogo mbele. Fundi alisogeza torsiyo ya nyuma, kile chuma kinachojipinda badala ya springi, jino moja, jino la nje, pande zote mbili. Lakini wote mnajua mawe ya volkano ya hapa kwetu, chini ya injini kulikuwa kunagonga kila siku. Nisingeweza kuacha. Na nimeshapata dawa: fundi wa kuchomelea atakata ile mirija miwili ya ekseli ya mbele, aweke kirekebishi cha urefu, mbele ipande iwe sawa na nyuma. Nimekwisha kumpa dola 60 kati ya 120.

Upepo_Sawa
Kijana, mama ndiye atakayekaa humo ndani. Barabara ya Sake si ya kujaribia gari ambalo wewe mwenyewe huliamini.

Mhesabu_Meno
Jino moja la nje si kidogo. Chuma cha torsiyo kina meno 40 ndani na 44 nje. Jino la ndani ni digrii 9, la nje ni digrii 8 na dakika 10. Umepandisha nyuma kama sentimita tano au zaidi. Toka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.40, kwa hiyo gari zima limeinama mbele zaidi ya digrii moja. Digrii hiyo imetolewa kwenye mlalo wa kwenda nyuma wa ule mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona, mlalo unaorudisha usukani katikati. Mlalo wenyewe kiwandani ni digrii 3 na dakika 20, maana yake umepoteza theluthi nzima. Kuyumba kwako kunaanzia hapo.

Shahidi_Birere
Samahani, mimi siamini uzi huu. 1303 haina mirija miwili ya mbele ya kukata. Mbele ina amortisa zilizovishwa springi, kama Toyota nyingi, na rotile ya juu anayoitaja maman haimo. Huyu ametunga, anatuchosha.

Boksi_la_Usukani
Hata mimi nilishangaa. Ajibu.

Kijana_wa_Himbi
Sijatunga. Karte roze ninayo mkononi, imeandikwa 1303. Na mirija miwili nimeiona kwa macho yangu.

Maman_Spana
Msimhukumu, karatasi na gari vinaweza kutofautiana. Fungua boneti ya mbele. Tairi ya akiba imesimama au imelala? Kioo cha mbele ni bapa au kimebinuka? Halafu ingia chini nyuma: kila upande kuna raba ngapi za kufunika viungo kati ya giaboksi na gurudumu?

Kijana_wa_Himbi
Tairi ya akiba imesimama wima, imeegemea pua. Kioo ni bapa. Raba ni moja kila upande, pale kwenye giaboksi, halafu bomba la chuma hadi kwenye gurudumu.

Shahidi_Birere
Basi nakuomba radhi. Hiyo si 1303, kioo chake kingebinuka na tairi ingelala. Huenda ni 1200 au 1300, yenye kiungo kimoja kila upande nyuma.

Mhesabu_Meno
Na hapo hatari inaongezeka. Kwenye kiungo kimoja, ukipandisha nyuma, magurudumu yanajikunja chini, miguu inaingia ndani. Ukifunga breki ndani ya kona, nyuma inanyanyuka, gurudumu linazidi kujikunja, na gari linaweza kupinduka. Kukata mirija ya mbele hakutaondoa hilo. Omba dola zako kabla hajawasha mashine.

Kijana_wa_Himbi
Nimeelewa. Lakini nikishusha yote, mawe yatapasua chini ya injini. Siwezi kubaki na urefu kidogo?

Mhesabu_Meno
Unaweza. Rudisha jino la nje mahali pake pa kwanza. Toka hapo, panda jino moja ndani na ushuke moja nje: unabaki na dakika 50, karibu milimita 6. Fanya mara mbili, unapata kama sentimita moja na kidogo. Usizidishe. Chini ya injini weka bamba la chuma, liache nafasi ya hewa. Na bamba linaloshika ekseli lina nguvu kubwa likitoka kwenye kizuizi chake, linavunja mkono: liweke jeki chini, lifunge kwa mnyororo, ulishushe polepole. Kabla ya kulegeza bolti za ekseli, piga alama kwa patasi, la sivyo gurudumu la nyuma litarudi limekaa upande.

Maman_Spana
Nyuma ikikaa, ndipo upime mbele. Sakafu iliyo sawa, usukani katikati. Bonyeza pua mara mbili ili gari litulie. Piga chaki ndani ya rimu zote mbili, upande wa nyuma, kwenye kimo cha ekseli, upime kutoka chaki hadi chaki. Sukuma gari mbele hadi chaki zije mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Hivyo rimu iliyopinda haikudanganyi.

Kijana_wa_Himbi
Nyuma nimerudisha, imechukua siku mbili. Mbele nimepima mara tatu: nyuma ya rimu 1,214, mbele ya rimu 1,216.

Maman_Spana
Umeona? Iko wazi milimita 2, wala si sifuri. Legeza nati za fimbo za usukani, ndefu na fupi, zungusha kila moja robo, kiasi kimoja pande zote ili usukani usikae upande, kisha sukuma gari upime tena. Kipimo cha mbele kikiwa pungufu ya cha nyuma kwa milimita 3, kaza nati. Mama aende Sake Jumamosi nyingine.