Mchezo gani wa kuwafunza wahudumu wa afya wanaotibu wakimbizi?

Swali: Wenzangu, nina wauguzi na matabibu 20, na saa mbili tu. Mchezo gani utawafaa bila kugeuka burudani tupu?

Mkufunzi: Barnga, mchezo wa karata unaoonyesha jinsi watu wa tamaduni tofauti wanavyokwazana kwa kutojua kuwa kanuni zao hazilingani. Meza 5 za watu 4, kila meza karata 28, ree (karata ya A) hadi saba. Kanuni zitofautiane kidogo kwa siri: hapa ree ni kubwa, pale ni ndogo, na turufu zibadilike. Wakizizoea, kusanya karatasi za kanuni, kataza kuongea, kisha washindi wahamie meza inayofuata na walioshindwa warudi meza ya nyuma. Cheza dakika 30, mjadala 45. Ukiukata mjadala, watabaki na kicheko tu.

Mkalimani: Ongeza igizo la mgonjwa, tabibu na mkalimani. Tabibu amtazame mgonjwa, aseme sentensi moja au mbili, angoje. Mwishoni mgonjwa aeleze mwenyewe atakavyomeza dawa. Mtoto asitumiwe kutafsiri, hata kwenye igizo.

Muuguzi: Nawasihi, kadi za maelekezo ya igizo zisiseme "watu wa nchi fulani hufanya hivi". Hizo hupanda ubaguzi. Ziwe na maswali: "Unadhani ugonjwa huu umeletwa na nini?" Wala msiigize mateso ya vita, huenda aliyeyapitia yumo chumbani.